Kioo kizima, taa imekufa: uchambuzi wa kisa cha taa ya nyuma ya LCD

Kifaa chenyewe kilikuwa cha kawaida: kipimo cha kina cha maji kwenye tangi, chenye Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu) na kioo cha LCD cha herufi 16 kwa mistari miwili, maandishi meupe juu ya buluu. Mwenye kifaa alikwisha kutengeneza kingine kama hicho zamani, na hadi leo kinafanya kazi. Safari hii alipata vioo viwili vya sura ileile, akaunganisha kimoja jinsi alivyozoea: pini ya 15 moja kwa moja kwenye volti 5, pini ya 16 kwenye GND, yaani upande hasi wa umeme. Kikawaka, tena kwa mwanga mkali kuliko kile cha zamani, jambo lililomfurahisha. Kifaa kikatolewa kwenye kompyuta, kikawekwa kwenye adapta yake na kuachwa kikiwaka mchana na usiku. Muda si mrefu mwanga ukaanza kufifia, ukapauka na kuelekea buluu, kisha ukabaki mng'ao hafifu wa upande mmoja. Maandishi yakapotea. Yeye akaamua kwamba kidhibiti cha kioo kimeungua, akaanza kupekua programu yake mstari kwa mstari.

Kulikuwa hakuna kosa lolote kwenye programu.

Kwanza tujue kilichokufa

Kioo cha maandishi meupe juu ya buluu kinaitegemea taa ya nyuma kwa kila kitu. LCD haitoi mwanga. Kazi yake ni kufungua na kuziba njia ya mwanga unaotoka nyuma. Katika aina hii herufi ndizo sehemu zilizo wazi na uwanja wote umezibwa, kwa hiyo taa ikizimika hakuna cha kusoma. Vioo vya zamani vya kijani chenye njano, ambavyo herufi zake ni nyeusi juu ya uwanja unaong'aa, vina tabaka linalorudisha mwanga wa chumbani, ndiyo maana vinasomeka mchana hata taa ikiwa imekatika. Aliyezoea vile vya kijani akikutana na cha buluu kilichozima, ni rahisi kudhani kioo chote kimekwenda.

Jaribio la kutenganisha mambo hayo mawili halihitaji kifaa cha maana. Ukiwa umewasha mtambo, chukua tochi, imulike kwa mshazari karibu kabisa na uso wa kioo, kisha sogeza kichwa ukitafuta pembe. Katika kisa hiki herufi zilionekana, hafifu lakini kamili, na namba ya kina cha maji ikabadilika kila kihisi kilipozibwa kwa mkono. Kidhibiti kilikuwa kizima. Kama kingeonekana kile kistari cha visanduku vilivyojaa kwenye mstari wa juu peke yake, hapo ningeuliza habari za programu au nyaya za data. Kama kusingeonekana chochote, ningegeukia kwanza pini ya 3, ile ya kukoleza herufi, kabla ya kumlaumu yeyote.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watu wengi hawaambiwi wanapoanza: kwenye bodi moja mna saketi mbili zisizohusiana. Pini 1 hadi 14 ni za kidhibiti, ambacho huwa HD44780 ya Hitachi au mojawapo ya chipu nyingi zinazoiga mwenendo wake. Pini 15 na 16, zenye alama A (chanya) na K (hasi), ni za LED za taa tu, zile chembe ndogo zinazotoa mwanga zikipitiwa na umeme. Maandishi ya "5V" kwenye tangazo la bidhaa au mgongoni mwa bodi yanasema habari za kidhibiti. Kuhusu taa hayasemi lolote, wala hayawezi kusema, maana LED haiendeshwi kwa volteji. Inaendeshwa kwa mkondo, na volteji inayojiwekea ni matokeo ya mkondo huo.

Rezista iliyoandikwa sifuri

Kwa nini basi kifaa cha zamani kinadunda mpaka leo kwa muunganisho uleule? Jibu liko mgongoni mwa bodi. Tuliviweka vioo vyote vitatu chini ya taa: cha zamani, kilichokufa, na pacha wake ambaye hajaguswa. Karibu na pini ya 15 kila kimoja kina rezista ndogo bapa, kijenzi cha kubana mkondo kinachopimwa kwa omu, iliyopewa alama R8. Ya kioo cha zamani imeandikwa 101, yaani 10 ikifuatwa na sifuri moja, omu 100. Za vioo vipya zimeandikwa 0. Hiyo ni rezista kwa umbo tu. Kikazi ni kipande cha waya. Multimita ilithibitisha: kutoka pini ya 15 hadi mguu wa LED, omu 100 kwenye cha zamani, na kwenye vipya chini ya omu moja.

Yaani mtengenezaji wa kwanza aliweka ulinzi ndani, wa pili akamwachia mtumiaji. Uamuzi wa pili si wa ajabu. Anayejenga saketi ya volti 3.3 au anayetumia chipu maalumu ya kuendesha taa hataki rezista ambayo hakuichagua mwenyewe. Lawama yangu ni moja tu: bodi mbili zinazofanana rangi, vipimo na mpangilio wa pini, na tofauti pekee ni tarakimu ambazo huzioni bila kukodoa macho.

Kuisoma LED isiyo na karatasi ya maelezo

Kioo pacha kilikuwa hakina karatasi yoyote ya mtengenezaji, na ndiyo hali ya vioo vingi vinavyofika mikononi mwa watu wanaotengeneza vitu kwa kujifurahisha. Hilo halizuii kitu. LED yenyewe ina majibu yote, mradi uiulize kwa upole: rezista kubwa kwanza, kisha unashuka hatua kwa hatua.

Tulianza na omu 1000 kati ya volti 5.02 na pini A. Kwa rezista hiyo mkondo hauwezi kupita miliampea 5 hata ukikosea namna gani, na hata kama A na K zimebadilishana mahali (vioo vya namna hiyo vipo, na vingine pini za taa ziko mwanzo wa safu badala ya mwisho) hakuna kitakachoungua. Taa haitawaka tu, nawe utageuza nyaya. Iliwaka, hafifu lakini sawasawa toka ukingo hadi ukingo. Kati ya A na K multimita ilisoma volti 2.66. Zilizobaki, volti 2.36, zilikuwa juu ya rezista, na kwa omu 1000 hiyo ni miliampea 2.4.

Tukaweka omu 220. LED ikasoma volti 2.87, mkondo miliampea 9.8. Tukaweka omu 100: volti 3.04, miliampea 19.8. Hapo mwanga ulikuwa kamili, na nikasimamia hapo. Kutafuta ukomo wa LED kwa kuiongezea mkondo ni njia nzuri ya kuupata mara moja tu.

Namba hizo tatu zinasema mengi. Volti 2.66 hadi 3.04 ni tabia ya LED nyeupe moja, au kadhaa zilizopangwa sambamba. Zingekuwa mbili kwa mfululizo tungehitaji zaidi ya volti 5 na zisingewaka. Kubwa zaidi ni mteremko: mkondo ulipoongezeka maradufu, kutoka karibu miliampea 10 hadi karibu 20, volteji ilipanda kwa volti 0.17 tu. Ni kana kwamba ndani ya LED mna omu 17. Sasa jiulize nini hutokea ukiiondoa rezista na kuilazimisha LED hiyo ibebe volti 5 zote peke yake.

Kwa nini haikufa papo hapo

Hili ndilo lililomchanganya mwenye kifaa. "Ingekuwa kosa ni la waya, ingeungua nilipoiwasha." Ni hoja ya haki, na inahitaji hesabu.

Mezani alikuwa akitumia USB ya kompyuta, na pini ya 5V ya Uno yake ilikuwa ikisoma volti 4.75 mzigo ukiwa umewashwa. Volti 1.71 zaidi ya zile 3.04, gawanya kwa omu 17, unapata miliampea 100 za ziada juu ya zile 20. Jumla karibu 120. Kwenye adapta, ambayo tuliipima ikatoa volti 5.20, hesabu ileile inaleta karibu miliampea 147. Haya ni makadirio ya chini, maana omu hizo za ndani huendelea kupungua mkondo unapopanda. Ongezeko la volti 0.45, ambalo kwa Uno si kitu, kwa LED lilikuwa miliampea 26, zaidi ya mkondo wote inaohitaji kuwaka kwa mwanga kamili.

Tazama na joto. Kwa omu 100, LED ilikuwa ikila wati 0.06. Kwenye adapta ilikuwa ikila wati 0.76, zaidi ya mara 12, ndani ya chembe iliyobanwa ukingoni mwa plastiki isiyo na pa kupumulia. LED ikipata joto volteji yake hushuka, milivolti chache kwa kila digrii, na kwa kuwa chanzo cha umeme kimesimama palepale, mkondo unapanda tena na kuleta joto zaidi. Hakuna kitu katika saketi hiyo cha kuuambia mkondo basi, imetosha. Kilichoizuia isilipuke siku ya kwanza ni vikwazo vya bahati nasibu: nyaya nyembamba, mapengo ya ubao wa majaribio, upungufu wa volteji ya USB.

Kugeuka rangi nako kunaeleweka. LED nyeupe kwa asili ni chembe ya buluu iliyofunikwa tabaka linalogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano, na macho yetu yanachanganya mbili hizo na kuona nyeupe. Joto likiharibu tabaka, buluu inabaki bila mwenzake. Mwenye kifaa alipoona nyeupe imepauka kuelekea buluu alikuwa anaona ugonjwa ukiwa bado njiani, na hapo alikuwa bado hajachelewa kuchomoa waya.

Tuliipima na taa iliyokufa, kwa rezista ileile ya omu 220. Ilisoma volti 2.41 na kupitisha miliampea 11.9. Linganisha na pacha wake: volteji imeshuka, mkondo umeongezeka, mwanga umetoweka. Umeme unapita, ila haupiti tena mahali panapotoa mwanga. Unavuja kupitia sehemu ya chembe iliyoharibika. Kwa hiyo anayesema "nimepima, LED inapitisha umeme, basi ni nzima" anajidanganya. LED nyeupe inayopitisha karibu miliampea 12 kwa volti 2.4 ni ya kutilia shaka.

Njia za mkato alizopendekeza

Kabla hatujafunga kioo cha pili, mwenye kifaa alikuwa na mapendekezo, na kila moja lina watu wanaoliapia.

La kwanza: kutumia volti 3.3 za Uno bila rezista, kwa kuwa ziko karibu na zile 3.04. Kwa mteremko tulioupima ingekuwa karibu miliampea 35. Labda taa ingevumilia, labda isingevumilia, na kioo kingine chenye LED ya volteji ya chini kidogo kingepata mkondo mwingine kabisa. Ukitaka 3.3, weka rezista hata ya omu 22. Hapo tunafika karibu miliampea 15. Ila ukiwa na volti 5 karibu, zitumie. Kadiri rezista inavyobeba sehemu kubwa ya volteji, ndivyo mkondo unavyotulia chanzo kikiyumba. Chanzo kikipanda volti 0.1, taa yenye omu 22 kwenye 3.3 inaongezewa zaidi ya miliampea 2. Yenye omu 150 kwenye 5 haiongezewi hata moja.

La pili: kuiwasha kutoka pini ya Arduino. Pini ya ATmega328P, chipu kuu ya Uno, ina ukomo wa miliampea 40, na inashauriwa usiipitishe zaidi ya 20. Kwa rezista inayofaa ingewezekana kwa kioo hiki. Silipendi kwa sababu siku utakapobadilisha kioo na kuweka cha kijani kinachotaka miliampea 100, utakayoua haitakuwa taa bali chipu.

La tatu ndilo la hatari zaidi kwa sababu linaonekana la kitaalamu: PWM, yaani kuwasha na kuzima taa harakaharaka. Kwamba ukiwasha taa asilimia 20 ya muda, mkondo wa wastani utakuwa mdogo, basi rezista ya nini? Wastani wa 147 kwa asilimia 20 ni kama 29, kweli. Lakini kila inapowaka, LED inabeba zile 147 zote, mara 490 kwa sekunde kwenye pini nyingi za Uno. Na programu ikikwama pini ikiwa juu, asilimia 20 inageuka 100 na hakuna anayejua mpaka harufu ije. PWM inapunguza mwanga. Haipunguzi kilele cha mkondo.

Kuna na la nne, ambalo yeye hakulitaja ila nimelikuta kwa wengine: kuunga potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya omu 10,000, pacha wa ile ya pini ya 3, kwa mfululizo na taa. Sehemu kubwa ya mzunguko wake taa ni hafifu mno, na ukifika mwisho omu zinaisha na umerudi kwenye waya mtupu. Atakaye kitufe cha kuzungusha atumie potenshiometa ya omu 1000 na rezista ya kudumu ya omu 100 mbele yake.

Tulichofunga

Volti 5 zinaingia rezista ya omu 150, kisha pini A. Pini K inakwenda kolekta ya transista ya NPN, inayofanya kazi ya swichi na yenye miguu mitatu: kolekta, beisi na emita. Emita inakwenda GND. Beisi inapata omu 1000 kutoka pini ya 9 ya Uno, na omu 10,000 kutoka beisi hadi GND ili taa isicheze wakati Uno inajiwasha na pini zake bado hazijaamuliwa. Transista ilikuwa BC547, inayobeba hadi miliampea 100. Anayeibadilisha kwa 2N2222 ya umbo lilelile la plastiki aangalie miguu: BC547 ukiitazama ubapa wake miguu ikiwa chini ni kolekta, beisi, emita, nyingi za 2N2222 ni kinyume, na zipo zisizofuata hata hilo. Multimita yenye tundu la kupimia transista inamaliza ubishi.

Nilichagua 150 badala ya 100 kwa makusudi. Chukua hali mbaya: chanzo kimefika volti 5.25, na kioo cha kesho kina LED ya volti 2.8. Kwa omu 100 ni miliampea 24.5. Kwa omu 150 ni 16. Jicho la mtu halihesabu mwanga kwa mstari ulionyooka, na tulipovibadilisha mbele ya mwenye kifaa bila kumwambia kipi ni kipi, alisita. Kwa taa inayowaka saa zote, tofauti isiyoonekana kwa macho lakini inayopunguza joto ni faida tupu.

Kwenye adapta yake, rezista ilisoma volti 2.15, yaani miliampea 14.3. Rezista inakula wati 0.03, ya kawaida ya robo wati inatosha na kubaki. Hapo sasa PWM ina mahali pake: usiku taa inashushwa hadi asilimia 15, na hata ikikwama juu haitadhuru kitu.

Anayetumia kile kibao kidogo cha I2C (njia ya kupeleka data kwa nyaya mbili tu) kinacholehemiwa nyuma ya kioo hahitaji yote haya. Transista imo humo tayari, na vingi vina pini mbili pembeni zenye kifuniko kidogo cha kuziunga, zikiandikwa LED. Kifuniko hicho kiko kwenye njia ya umeme wa taa. Kiondoe, lehemu rezista ya omu 150 mahali pake. Ila angalia R8 kwanza: ikiwa ni 101, ukiongeza nyingine utapata taa hafifu bila sababu.

Ambako hesabu hii haifai

Namba za kisa hiki zisihamishiwe kwenye kioo kingine bila kupima. Taa za kijani chenye njano za zamani mara nyingi ni LED mbilimbili kwa mfululizo, safu nyingi sambamba. Hukaa karibu volti 4.2 na zinaweza kutaka miliampea 100 na zaidi. Kwa 3.3 haziwaki kabisa, na kwa volti 5 rezista yake inaangukia karibu omu 8, nafasi finyu ambayo chanzo kikipanda kidogo tu mkondo unaruka. Huko napunguza lengo hadi miliampea 60, nachukua rezista ya omu 15, na transista inayobeba zaidi ya BC547. Vioo vya rangi vyenye LED tano au sita kwa mfululizo havitaonyesha dalili yoyote kwa jaribio la omu 1000 na volti 5. Vinataka chipu inayopandisha volteji na kushikilia mkondo. Na kioo kikuukuu ambacho taa yake haipitishi mkondo upande wowote, ukaona karatasi nyembamba ya mng'ao au mrija mwembamba wa kioo ukingoni, hicho hakina LED. Karatasi hutaka umeme wa kwenda na kurudi wa volti kama mia moja, mrija hutaka mamia na zaidi, nao unaweza kumdhuru mtu. Usiipe volti 5 ukisubiri muujiza.

Kilichokufa nacho hakikutupwa. LED yake imebanwa ukingoni mwa plastiki inayosambaza mwanga na miguu yake miwili imelehemiwa kwenye A na K, kwa hiyo ilitolewa kwa kuyeyusha risasi na mahali pake ikawekwa LED nyeupe ya milimita 3 iliyopigwa msasa kichwani ili iwe bapa. Mwanga wake si sawasawa, upande wa kulia una kivuli, lakini herufi zinasomeka. R8 ikabadilishwa pia, ikawekwa ya 151.